Mji Wenye Unga Mwekundu

Kwa wiki kumi Philomena alijipa sababu. Wiki ya kwanza, kadi ya simu ya kijana itakuwa imekwisha. Ya pili, mitihani. Ya tatu, simu imeibwa, maana hata Edinburgh wezi wapo, Ulaya si peponi. Ya nne akajiambia kwamba Ombeni amepata msichana, na kijana akipata msichana mama huwa wa mwisho kukumbukwa. Hiyo akaipenda, akakaa nayo muda mrefu kuliko nyingine zote. Lakini Jumapili ya kumi na moja, mwezi wa sita mwaka 2008, alikaa kando ya simu tangu walipotoka kanisani hadi sufuria ya wali ikaungua, na sababu zikamwishia. Mwanawe alikuwa amepotea. Alilisema hilo kwa sauti, peke yake, jikoni kwao ghorofa ya tisa pale Parkdale, Toronto.

Mumewe Thobias alikuwa ametoa amri moja tu: asiambiwe mtu.

Na Thobias alikuwa na sababu zake, za kijinga lakini zake. Septemba iliyopita Watanzania wa Toronto walikuwa wamemuaga Ombeni kwa sherehe ambayo hata maharusi wengine hawaipati. Iliundwa kamati, ikawa na mwenyekiti na katibu, ikakaa vikao saba. Kila nyumba ilichanga. Ukumbi wa kanisa ulipambwa vitambaa vya dhahabu, na keki ilikuwa na umbo la kofia ya wahitimu, ingawa kijana alikuwa bado hata hajapanda ndege. Thobias, aliyekuwa mwalimu wa hesabu Singida na sasa mlinzi wa jengo la ofisi mjini, alishika kipaza sauti akatangaza kwamba mwanawe harudi Kanada mpaka awe na shahada ya pili ya uhandisi mkononi. Watu wakapiga vigelegele. Ombeni alikuwa ameketishwa mbele kwenye kiti cha bwana harusi, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka hiyo shahada. Philomena mwenyewe hakumuuliza, alikuwa anahangaika na pilau.

Simu za Ombeni zilipokatika, binti yao Abigael, wa miaka kumi na saba, ndiye aliyempigia mtu wa chuo kule Edinburgh, kwa Kiingereza chake cha kukulia hapahapa. Alisikiliza, akashukuru, akakata.

"Mama, they don't have him," alisema. "Since January. He's not a student there."

"Hayumo tangu Januari? Makosa ya kompyuta," alisema Thobias.

Polisi wa huko nao waliandika maelezo, wakasema kwa upole kwamba mtu mzima ana haki ya kwenda atakako. Barua pepe alizoandika Thobias zilianza kurudi kama zilivyokwenda. Hata hivyo kila Jumapili, mlangoni mwa kanisa, mtu akimuuliza habari za injinia wetu, alijibu bila kupepesa macho: "Anasoma huyo mpaka tunamwonea huruma." Kisha akirudi nyumbani hali, hasemi, anakaa dirishani akitazama njia ya tramu. Philomena alimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na hayo mawili yalimchosha kuliko kazi.

Jumamosi iliyofuata alimuaga mumewe kwamba anakwenda Agincourt kutafuta unga wa muhogo. Kwenda huko kutoka Parkdale ni tramu, treni na basi, safari ya kutosha mtu kubadili nia mara tatu, naye alibadili mara tatu. Duka lilikuwa la Bahadur, Mwismaili mzaliwa wa Tabora, mzee mwenye kitambi na sweta msimu wote, aliyeishi Uingereza miaka kumi na saba kabla ya kuvuka kuja Kanada. Pamoja naye alikuwapo mkewe, Nilofar, wa Moshi, ambaye ndiye duka lenyewe. Bahadur alikuwa mdomo wake. Hawa hawakuwa watu wa kanisani. Philomena alikuwa amepiga hesabu hiyo njia nzima: kuwauliza Waismaili wa Agincourt si kumwambia mtu.

Alizungukazunguka kati ya magunia ya mchele, akashika nazi, akairudisha. Kisha akauliza kama anayeuliza jambo la kupitisha wakati.

"Mzee Bahadur, wewe Uingereza unaijua. Mtu akila chipsi, wakazimwagia sosi ya kahawia, nyepesi, chachu kama ukwaju, huyo yuko mji gani?"

"Edinburgh!" wakajibu mume na mke kwa pamoja.

"Huko tu," akaendelea Bahadur, macho yakimng'aa, maana alikuwa ameguswa pale anapopenda kuguswa. "Kwingine kote ni siki. Lakini, mama Ombeni, kwa nini mtu akale Edinburgh? Mji wa kula ni Leicester, bwana! Leicester unapata muhogo wa kukaanga, ndimu, pilipili ya kusaga, mahindi ya kuchoma kando ya barabara. Unakula unafikiri uko Tabora, tofauti ni koti tu."

"Sasa huo ni mji au ni jiko la mama yako?" akasema Nilofar bila kuinua macho kwenye mizani. "Umevuka bahari ukale muhogo? Glasgow ndiyo mji. Kaka yangu alikuwa na duka kule, nyuma yake jamaa anakaanga pakora, bajia za mboga, zinatoka motoni mvua inanyesha, unakula umesimama. Na watu wake wanakusemesha. Leicester nani alikusemesha, zaidi ya ndugu zako?"

"Mvua ndiyo chakula cha Glasgow."

"Na Bradford je? Chapati pana kama sinia, na uma hupewi hata ukiomba. Hilo pia hutalikubali."

"Bradford nakubali. Birmingham nakubali, mchuzi unaletewa na karai lake. Glasgow sikubali."

Mteja aliyekuwa ameshika fungu la mchicha akacheka. Bahadur akamgeukia amfanye shahidi. Philomena alisimama katikati yao. Alikuwa amekuja na roho juu kutafuta mtoto, nao walikuwa wanagawana Uingereza kwa pakora. Alitaka kusubiri kwa adabu wamalize. Akashindwa.

"Mwanangu amepotea!" alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ombeni amepotea huko na sijui yuko mji gani. Nisaidieni jamani. Baba yake hataki watu wajue, mimi nakufa."

Mteja aliweka mchicha chini, akatoka polepole. Nilofar aligeuza kibao cha mlangoni kionyeshe wamefunga, akavuta ndoo tupu ya achari, akaifunika kwa gazeti, akamkalisha Philomena juu yake. Hakumwambia asilie. Alimshika bega mpaka kilio kikapungua chenyewe.

Ndipo Philomena akaeleza. Ombeni alikuwa akipiga simu kila Jumapili kwa kadi. Thobias ndiye aliyekuwa akianza: masomo vipi, alama ngapi, profesa kasemaje. Dakika zikibaki mbili ndipo mama anapewa simu, naye siku zote aliuliza swali moja, umekula nini wiki hii. Thobias alimcheka, akasema anachezea kadi ya watu kwa maswali ya chipsi. Lakini hizo dakika mbili zote Philomena alikuwa nazo kichwani, neno kwa neno. Tangu Januari kijana alikuwa akimdanganya baba yake kuhusu darasa ambalo hayumo. Kuhusu chakula hakuwa na sababu ya kudanganya. Nani amdanganye mama kuhusu chipsi?

"Na sosi ya kahawia," akauliza Nilofar, "aliitaja mpaka lini?"

"Mpaka Krismasi. Baada ya hapo sijaisikia tena."

Mume na mke wakatazamana.

"Basi Edinburgh alishaondoka," akasema Bahadur, na safari hii hakuwa anacheza. "Baada ya Krismasi alikuwa akila nini? Sema kila kitu, hata ujinga."

"Kitu kama katlesi. Viazi vilivyopondwa vikatiwa majani makavu, vikachovywa kwenye uji wa ngano, vikakaangwa, halafu vinatiwa ndani ya skonzi. Nikamwambia viazi ndani ya mkate, huo ni umaskini. Akacheka. Na chipsi za kunyunyiziwa unga mwekundu."

"Masala," akasema Nilofar. "Bradford hiyo. Nilikwambia."

"Ngoja, mama." Bahadur alikuwa ameinua kidole. "Huo unga, aliusema vipi?"

"Kwamba unabaki vidoleni. Na kwamba hauwashi. Alilalamika sana kwamba mwekundu vile, halafu hauwashi."

Bahadur alikaa juu ya gunia. Kabla ya kuwa na duka alikuwa ameuza soksi kwa gari dogo katika kila mji wa kaskazini mwa Uingereza, na kila mji aliukumbuka kwa alichokula akiwa amekaa nyuma ya usukani.

"Hull," alisema. "Mama Ombeni, mtoto wako yuko Hull. Mji wa bandari, mashariki kabisa, treni ikifika pale inageuza. Huo si masala, ni chumvi na unga wa pilipili hoho, wanaunyunyiza kila mahali. Na hiyo katlesi ni yao. Nimekula chipsi Uingereza nzima, Mungu anisamehe, na hivyo viwili pamoja nimevikuta Hull peke yake."

Nilofar alifungua mdomo kubisha, kwa mazoea, kisha akaufunga.

Philomena alirudi Parkdale bila unga wala nazi. Alimkuta Thobias dirishani na akamweleza akiwa bado na viatu miguuni. Thobias alimsikiliza hadi mwisho.

"Yaani mtoto wangu umempata kwenye sahani," alisema.

"Nimempata. Wewe umempata wapi?"

"Umekwenda kunivua nguo kwa wauza duka."

"Jumapili nitakuvua nguo kanisani!" Philomena hakuwahi kumpigia mumewe kelele namna hiyo kwa miaka ishirini na sita ya ndoa. "Nitashika kipaza sauti kilekile ulichokishika wewe, niwaambie kwamba injinia wao hayuko chuoni, na kwamba baba yake anajua tangu mwezi wa nne. Waniangalie watakavyo. Mimi nataka kujua kama mtoto wangu yuko hai!"

Abigael alitoka chumbani, akasimama mlangoni, akarudi ndani. Thobias alikaa kwenye kiti.

"Asiwe Mtanzania," alisema mwishowe. "Utakayemuomba amtafute huko. Hilo tu nakuomba."

Philomena alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, na mwenzake wa zamu alikuwa Donatienne, Mkongomani wa Lawrence Heights, mwanamke asiyependa umbea kwa sababu umbea uliwahi kumfukuzisha kwao. Jumatatu, wakikunja mashuka, Philomena alimnong'oneza habari yote. Donatienne alisimamisha mashine.

"Hull?" alisema. "Si njo kule walimpeleka Dative! Mutoto ya mama mdogo. Walimutoa kambi ya wakimbizi na familia mingi, wakawaweka palepale, miaka mbili sasa."

Picha ya Ombeni ilitumwa siku ileile. Dative aliijibu kwa sentensi moja: maduka ya chipsi hapa ni mengi kuliko makanisa, lakini nitaanza.

Alianza. Siku ya kwanza maduka manne, hakuna. Siku ya pili matano, hakuna. Philomena alikuwa hali isipokuwa chai. Kila saa saba mchana, ambayo huko ni jioni, aliiweka simu mbele yake na kuitazama. Siku ya tano alianza kuwaza kwamba Bahadur ni mzee, soksi aliuza zamani, huenda siku hizi unga mwekundu wananyunyiza nchi nzima. Siku ya saba aliwaza bandari na maji, akajikuta amekaa sakafuni kwenye chumba cha kufulia, shuka mdomoni ili wasimsikie. Donatienne alimwinua, akamfuta uso kwa shuka hilohilo. Siku ya nane Thobias, ambaye hakuwa ameuliza chochote, alisema akiwa amempa mgongo: "Leo amekwenda mangapi?"

Siku ya kumi, Ijumaa, simu ililia kabla ya wakati wake. Philomena aliiwasha spika, akaiweka mezani ili wote watatu wasikie.

"Mama," alisema Dative, "nimemuona."

Philomena alifanya ishara ya msalaba mara mbili, ya pili akaikosea.

"Eko muzima. Eko mrefu, na ile alama kwa nyusi. Duka iko nyuma ya soko. Anavaa aproni, kwa kifua wameandika Ben. Nikamwambia kwa Kiswahili, habari kaka Ombeni. Akaangalia chini. Akanijibu Kingereza, sorry? Lakini ile chumvi, mama, ikamwagika yote. Nikamwambia mama yako analia. Akamuita mtu wa nyuma yangu."

"Halafu?"

"Halafu nikatoka. Akanifuata mpaka inje. Akaniambia, na Kiswahili safi: waambie hukuniona. Ukirudi tena na habari zao, kesho yake nahama mji, na hapo nitakapokwenda hamtanipata."

Thobias alikuwa ameshasimama. "Nakwenda," alisema. "Naomba ruhusa kazini, Jumatano niko huko. Ben? Nani Ben? Nitamtoa humo kwa sikio."

"Atakukimbia."

"Mimi baba yake!"

"Ndiyo maana atakukimbia." Philomena hakupaza sauti. Aliona wazi jinsi itakavyokuwa: Thobias na koti lake la kanisani akisukuma mlango wa lile duka, aproni imeachwa kaunta, na baada ya hapo hakuna mji, hakuna chipsi, hakuna chochote cha kuuliza wauza duka wa Agincourt. Kijana alikuwa amewaambia kweli. Alikuwa na ukaidi wa baba yake, na aibu iliyozidi ukaidi. Kwamba mama aweze kumwambia rudi, rudi hata bila kofia ya wahitimu, hilo alilitaka mpaka kifua kikamuuma, na ndilo pekee asiloruhusiwa kulisema.

"Dative, mwanangu," alisema, "upo?"

"Niko, mama."

"Kesho nenda tena. Usitutaje. Usimwite Ombeni, usimwite kaka. Nenda ukanunue chipsi kama mtu yeyote."

"Mama, mimi zile chipsi sizipendi. Zinaniletea kiungulia."

"Si lazima ule. Simama tu kwenye foleni, umwangalie. Uangalie kama amelala vizuri usiku, kama amevaa vya joto. Halafu unipigie, uniambie yupo. Na keshokutwa hivyohivyo. Kila siku utakayoweza, mwanangu, nakupigia magoti."

"Mpaka lini?"

Abigael ndiye aliyeinama juu ya simu, na kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa mama yake alimsikia akiongea Kiswahili na mtu mwingine, cha kuokoteza. "Mpaka... mpaka yeye anauliza wewe ni nani. Tafadhali, dada."

Dative alicheka kidogo, au alilia, simu haikuonyesha. Akakubali.

Kesho yake Jumamosi, saa saba na nusu mchana, alipiga.

"Ameniuzia," alisema.

"Amesema nini?"

"Amesema, chumvi na siki? Nikasema ndiyo, na ile unga. Akaniangalia sana, nikafikiri atanifukuza. Nikaangalia bei kwa ukuta. Bon, basi akajaza karatasi mpaka ikakataa kufunga, akaniongezea na ile katlesi, sikuomba."

Philomena alimrudia Thobias kila neno, ingawa Thobias alikuwa amesikia yote. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Muulize," alisema Thobias, akaanza upya. "Muulize kama amekonda."

"Kidogo, baba," sauti ya Dative ikajibu yenyewe. "Mashavu."

Thobias aliitikia kwa kichwa. Kisha akajifunika uso kwa kiganja na mabega yakaanza kumtikisika, na Philomena, ambaye alikuwa akiyangoja machozi hayo kwa miezi, hakupata nafasi ya kuyatazama, kwa kuwa aliogopa simu itakatika.

"Dative, na kesho utakwenda saa ngapi?"

"Kesho Jumapili, mama," alisema Dative. "Wanafunga."

Philomena alishika ukingo wa meza.

"Basi Jumatatu," alisema.